Tiketi Sitini za Ziada

Kila alasiri, masomo yalipokwisha, Chiriku alipitia dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya wino na karatasi mpya. Upande mmoja palikaa mashine ya kuchapia, ambayo ilipofanya kazi ilitikisa hata vioo vya dirisha. Upande wa pili palikuwa na kikatio kikubwa cha karatasi, ambacho watoto walikatazwa hata kukiegemea. Katikati ilinyooka meza ndefu, na hapo ndipo Chiriku alipofanya kazi zake: kupanga karatasi, kufunga vitabu vya stakabadhi, na kuongea. Kuongea ndiko kulikompa jina. “Huyu si mtoto, ni chiriku,” baba yake alisema zamani, na jina likamganda kama gundi.

Wiki ile hapakuwa na jambo lililozungumzwa mtaani kama bahati nasibu ya zahanati. Zahanati ilihitaji mashine ya kuvutia dawa ya pumu, ile inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu mwembamba ambao mgonjwa huuvuta kupitia kinyago. Kwa kuwa mashine hiyo haikuwapo, kila mtoto aliyebanwa na kifua alipelekwa hospitali kuu, na hospitali kuu ilikuwa mbali. Chiriku aliijua safari hiyo. Mdogo wake wa mwisho, ambaye kwa kukosa meno ya mbele aliitwa Kibogoyo, alikuwa ameifanya mara nyingi, amelala mapajani mwa mama yao, kifua kikilia kama filimbi. Katika safari hizo hata Chiriku alinyamaza njia nzima.

Zawadi ya mshindi ilikuwa baiskeli nyekundu yenye gia, iliyotolewa na mwenye duka la vipuri. Sista, muuguzi mkuu wa zahanati, aliining’iniza barazani, na watu walikuja kuitazama kama wanaomtazama bibi harusi. Tiketi zilichapwa na baba yake Chiriku bila malipo.

Kibali cha serikali kilibandikwa ukutani dukani, juu kidogo ya swichi ya taa, ili hata mtu asiyetaka kukisoma akisome. Baba alikuwa amekisoma kwa sauti siku ya kwanza. Tiketi zisizidi elfu moja. Wauzaji na wanunuzi wawe watu wazima. Droo ifanyike mara moja, hadharani, mbele ya ofisa wa serikali.

“Kwa nini elfu moja tu, Baba?” Chiriku aliuliza. “Mtaa huu unaweza kununua elfu tatu kabla ya chakula cha mchana!”

“Ndivyo tulivyoomba, na ndivyo tulivyokubaliwa.”

“Kwani serikali haitaki watoto wapone?”

“Inataka. Lakini inajua pia kwamba penye bahati nasibu hapakosi mtu mwenye mkono mrefu. Nipe ule wino mweusi.”

Chiriku alipenda zaidi hatua ya kupiga namba. Baba yake alikuwa na muhuri wa chuma wenye vigurudumu vitatu vya tarakimu. Alipougonga kwenye tiketi na kwenye kishina chake, yaani kipande cha kubaki kwa wauzaji, uliacha namba, kisha ukasogea wenyewe hadi namba iliyofuata: sifuri sifuri sifuri, sifuri sifuri moja, na kuendelea. “Muhuri huu una akili,” Baba alijigamba. “Ukigonga unasonga mbele. Haurudii namba.” Alipofika mia tisa tisini na tisa, tiketi elfu zikawa zimetimia. Akaugongagonga muhuri juu ya karatasi mbovu mpaka wino ukakauka, akaurudisha rafuni. Mwishowe alipitisha kila karatasi kwenye gurudumu lenye meno, lililotoboa mstari wa vitundu ili tiketi ichanike kwa urahisi kutoka kwenye kishina chake. Tiketi ingekwenda kwa mnunuzi. Kishina kingetumbukizwa katika pipa la droo.

Tiketi zilikwisha kwa kasi iliyowashangaza hata wauzaji. Shangazi yake Chiriku, mpishi wa shule, aliuza fungu lake la mwisho langoni akiwa bado na mwiko mkononi.

“Shangazi, hata moja imekosekana?” kijana mmoja alimsihi. “Nimeiota namba yangu usiku!”

“Umeota umechelewa, baba. Siku nyingine uwahi kulala.”

Ijumaa Sista alikuja dukani kutoa shukrani. Uso wake ulikuwa unang’aa. “Fedha za mashine zimetimia!” alisema, akimshika Baba mikono yote miwili. “Kilichobaki ni betri yake ya akiba tu. Unajua umeme wetu ulivyo. Ukikatika, mashine inakuwa sanduku. Lakini hiyo tutaitafuta mwaka ujao.”

Mwaka ujao! Maneno hayo yalimwingia Chiriku kama mwiba. Umeme ulikatika mara ngapi kwa wiki? Na pumu ya Kibogoyo, je, ingekubali kungoja mwaka ujao?

Siku iliyofuata Baba alikwenda kupeleka kazi za wateja, akawaachia duka Chiriku na rafiki yake Kifutio walifagie. Kifutio aliitwa hivyo kwa sababu kila alichoandika alikifuta mara mbili kabla ya kukiamini. Ufagio wake ndio uliogonga kitu chini ya meza: karatasi za tiketi, safi kabisa, zisizo na namba. Kila mchapaji huchapa karatasi kadhaa za ziada, kwa kuwa hapakosi zinazoharibika, na zinazobaki huchanwa. Hizi Baba alikuwa bado hajazichana.

“Kila karatasi ina tiketi nne,” Chiriku alisema, akihesabu haraka. “Hapa ziko sitini! Kifutio, hii ni betri!”

“Hii ni takataka. Na kibali kinasema elfu moja.”

“Sitini tu! Ukiongeza punje sitini za chumvi kwenye sufuria la shule, nani atajua?”

“Shangazi yako atajua. Ulimi wake ni mzani.”

Lakini Chiriku alikwisha kuushika muhuri. Aliugonga juu ya tiketi ya kwanza, na wote wawili wakainama kutazama.

“Mbona inasema mia mbili na kumi?” Kifutio aliuliza. “Si ziliishia mia tisa tisini na tisa?”

“Baba mwenyewe alisema muhuri huu haurudii namba. Unabishana na mchapaji? Lete nyingine!”

Furaha iliwapanda. Chiriku aligonga, Kifutio akavuta karatasi, na punde wakawa wanaimba kwa mdundo wa muhuri. Gurudumu la meno lilikuwa limefungiwa kabatini, hivyo walitenganisha tiketi na vishina vyake kwa mkasi. Kazi ilipokwisha, vidole vya Chiriku vilikuwa vyeusi na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Aliona amefanya jambo kubwa, akazipeleka mbio kwa Shangazi.

“Shangazi, shikamoo! Hizi zilibaki dukani.”

“Marahaba. Zilibaki? Na baba yako alituambia zimekwisha!”

“Zilikuwa chini ya meza.”

Kila neno alilolisema lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Shangazi hakuwa na sababu ya kumshuku. Alinunua moja yeye mwenyewe, zilizobaki akaziuza kabla jua halijazama, na vishina vyote akampelekea Sista.

Jumapili, siku moja kabla ya droo, Chiriku alimpeleka Kibogoyo kunyolewa. Kinyozi alikuwa amechomeka tiketi yake kwenye fremu ya kioo, mahali ambapo kila mteja angelazimika kuiona.

“Mia mbili kumi na saba,” alisema, mashine ya kunyolea ikipanda kisogo cha Kibogoyo. “Ikumbukeni namba hiyo. Kuanzia kesho mtanyolewa na mtu mwenye baiskeli.”

Shangazi, aliyekuwa akipita na kikapu chake, alisimama mlangoni. “Namba ngapi?”

“Mia mbili kumi na saba.”

“Vaa miwani, ndugu yangu. Hiyo namba ni yangu.” Akaitoa tiketi kwenye kitambaa alichofungia fedha. Wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu wakasogea. Tiketi zikawekwa pamoja. Mia mbili kumi na saba, na mia mbili kumi na saba.

“Aa! Umeniibia namba!” Kinyozi alisema, nusu kwa mzaha.

“Nikuibie namba, kwani nimekosa cha kuiba? Ningeiba kiti hicho!”

Watu wakacheka. Chiriku alizisoma tena namba zile mbili. Ndipo mmoja wa wateja, mtu mzito wa kusema, akatikisa kichwa. “Hapa hakuna mwizi ila mchapaji. Mtu anayeweza kuchapa tiketi, ataacha kujichapia za kwake? Kazi ya bure hiyo! Nilijiuliza tangu mwanzo.”

Kicheko kilikatika. Kinyozi alizima mashine yake. “Mchapaji wetu? Hapana,” alisema, lakini alilisema polepole, kama mtu anayeanza kufikiri.

Chiriku alimshika mdogo wake mkono, akamvuta nje mbio. Kifutio, aliyekuwa akiwangoja kwenye ngazi, alisimuliwa kila kitu kwa pumzi moja.

“Vigurudumu ni vitatu tu,” Chiriku alisema. “Vikifika mwisho vinazunguka tena mwanzo! Baba alipoukausha muhuri alikuwa ameshaanza duru ya pili. Namba zetu zote ziko mara mbili, Kifutio. Zote sitini!”

Kifutio alitafuna ncha ya kola yake. “Tunyamaze,” alisema mwishowe. “Fikiria. Itatoka namba moja tu. Itakuwa bahati mbaya ya namna gani iwe mojawapo ya zetu? Kesho jioni watu watakuwa wameshatupa tiketi zao, na jambo limekwisha.”

“Na Baba je? Umesikia walivyoanza kusema?”

“Na ukisema, je? Watafuta droo. Watu watarudishiwa fedha zao zote. Si betri tu itakayokosekana, hata mashine.”

Hilo lilikuwa kweli. Akinyamaza, mtaa ungemwita baba yake mwizi. Akisema, zahanati ingebaki mikono mitupu, na safari ya hospitali kuu ingebaki palepale.

“Dada,” Kibogoyo alimvuta sketi, akijipapasa kichwa, “mbona nimenyolewa upande mmoja?”

Chiriku alimtazama. Wakati wowote mwingine angecheka hadi kuketi chini. “Twende kwa Baba,” alisema.

Baba aliisikiliza habari yote huku mashine ikinguruma. Kisha akaizima.

“Ulimwambia Shangazi kwamba nimezitoa mimi?”

“Nilimwambia zilibaki dukani.”

“Ili aelewe nini?”

Chiriku alitazama sakafu. “Kwamba umezitoa wewe.”

Baba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Mimi nilipaswa kuzichana karatasi zile siku ileile. Kosa hilo ni langu, na nitalisema. Lako utalisema mwenyewe. Vaeni viatu.”

Walimkuta Sista zahanati. Aliketi, akamsikiliza Chiriku hadi mwisho, kisha akachukua simu na kumweleza ofisa wa serikali neno kwa neno.

Ofisa alifika Jumatatu asubuhi. Alikuwa mama mrefu, miwani ikining’inia kifuani kwa kamba. Sikukuu ya shule iliwaacha watoto huru, na kibaraza cha zahanati kilijaa watu kabla hajaketi.

“Nani alipiga namba hizi?” aliuliza.

“Mimi, Mama,” Chiriku alijibu. Hakuongeza neno, naye hakuwa na mazoea hayo.

“Mtu alipolipia tiketi yake, aliahidiwa nini?”

“Baiskeli.”

“La. Kama ingekuwa baiskeli, mngehitaji baiskeli elfu moja. Aliahidiwa nafasi moja kati ya elfu. Ulipoongeza sitini, ulichukua kipande cha nafasi ya kila mmoja bila kumwuliza, na kwa namba mbili zinazofanana uliwauzia watu wawili nafasi moja. Wako watu, mwanangu, waliouza tiketi bila kikomo kwa jina la yatima ambao hawakuwahi kuwapo. Ndiyo sababu tunaweka kikomo, na ndiyo sababu hatuwezi kukilegeza kwa mtu ati kwa kuwa ana nia njema. Nia haionekani. Tiketi inahesabika.” Akavaa miwani yake. “Sasa nisikilizeni. Droo ni saa kumi. Zikirudi zote sitini, na kila mnunuzi akirudishiwa fedha yake mkononi, droo itaendelea. Ikikosekana moja, naifuta, na tiketi zote elfu zitarudishiwa fedha.”

“Tutazijuaje?” Sista alisema kwa uchungu. “Namba ni zilezile, karatasi ni ileile.”

Baba ndiye aliyeligundua. Alichukua tiketi ya Kinyozi na ya Shangazi, akapitisha kidole gumba ukingoni. “Hii ina meno. Hii ni laini,” alisema. “Zetu zilitobolewa. Za watoto zilikatwa kwa mkasi.”

Mara moja kazi ikaanza. Ofisa na Sista walipindua pipa la vishina, wakawa wanavipapasa kimoja kimoja na kuvitoa vilivyo laini. Kadiri walivyozoea, Ofisa aliweza kufanya hivyo huku amefumba macho. Baba aliongozana na Shangazi kurudisha fedha. Na Chiriku? Chiriku alipewa kazi aliyozaliwa nayo. Alipaswa kupita mtaa mzima akipaza sauti.

“Jamani, papasa tiketi yako!” alipiga kelele, Kifutio akimfuata na mfuko wa kitambaa. “Ukingo ukiwa laini, si halali! Njoo urudishiwe fedha yako!”

“Nani aliyezichapa?” sauti ilitoka dirishani.

Chiriku alisogea karibu na dirisha. “Mimi! Si baba yangu. Mimi!”

“Ala! Kichwa kidogo, ujanja gunia!”

“Ndiyo! Papasa tiketi yako!”

Mara ya kwanza alidhani ardhi ingemmeza. Mara ya kumi alikwisha kugundua kwamba ukweli, tofauti na uongo, haumlazimu mtu kukumbuka alichosema nyumba iliyotangulia. Watu walitoka milangoni wakipapasa karatasi. Fundi wa redio alizirudisha mbili huku akinung’unika. Mama muuza nguo alimkaripia, kisha akampa maji. Yule mteja mzito wa kusema alikuwa na moja pia; aliipokea fedha yake kwa Baba, akatazama pembeni, akasema, “Samahani, Mchapaji. Mdomo wangu ulitangulia.” Baba akampa mkono tu. Mfuko ulijaa: ishirini, arobaini, hamsini na tano!

Saa tisa ilipopita, zilikuwa hamsini na tisa.

“Moja! Moja tu!” Kifutio alilia, akizihesabu upya. “Shangazi, kumbuka! Nani mwingine?”

Shangazi alijipiga paji la uso. “Jamani! Dereva wa lori! Alisimama langoni kuuliza njia, nikamuuzia tiketi kabla sijamwelekeza. Alisema anapakia saruji ghalani leo, kisha anaondoka.”

Baba alikwisha kuikalia baiskeli yake ya kupelekea kazi za wateja. “Panda!” alimwambia Chiriku. Chiriku akaruka kwenye keria, na wakateremka barabara ya ghala kwa kasi ambayo Mama angeikemea. Walipofika, lango la ghala lilikuwa limefungwa na vumbi lilikuwa bado linaelea hewani.

“Ameondoka sasa hivi,” mlinzi alisema. “Lakini lazima apime uzito kwenye mizani ya malori. Foleni ya huko huijui?”

Baba hakungoja sentensi iishe. Alikanyaga pedali mpaka shati likamganda mgongoni. Mbele yao foleni ya malori ilinyooka, na Chiriku alipaza sauti kwa kila lori walilolipita: “Nani alinunua tiketi kwa mpishi?” Madereva walimshangaa. Lori lililokuwa la tatu kutoka mizani ndilo lililojibu.

“Mimi! Kwani nimeshinda?”

“Hujashinda!” Chiriku alijibu akihema. “Papasa ukingo wake, Mjomba!”

Dereva, mwenye kofia iliyofifia rangi, aliitoa tiketi kwenye kikinga jua, akaipapasa. “Laini kama shavu la mtoto.”

Chiriku akamweleza yote, na foleni ikasogea, na Baba akawa anatembea sambamba na lori akiishika fedha juu. Dereva alicheka mpaka usukani ukatikisika.

“Baiskeli! Mimi nina magurudumu kumi na nane, nikitafuta la kumi na tisa na la ishirini nitakuwa na akili? Nilinunua kwa sababu mama yule alisema ni ya watoto wenye pumu. Bakini nayo fedha.”

“Haiwezekani, ndugu yangu,” Baba alisema. “Lazima ikufikie mkononi.”

Dereva akaipokea. Akaitazama. Akamrudishia Baba. “Haya, imenifikia. Sasa naitoa kwa watoto hao, bila tiketi na bila baiskeli. Hapo serikali ina neno?”

Baba alisimama. “Haina,” Baba alisema, kisha akaanza kucheka. “Haina hata kidogo!”

Walirudi mbio zaidi ya walivyokwenda. Uwanja wa zahanati ulikuwa umefurika, na Ofisa alikuwa akiitazama saa yake.

“Sitini!” Chiriku alipiga kelele kabla baiskeli haijasimama. “Zimetimia sitini!” Umati ukalipuka kwa vifijo. Lakini Chiriku alikuwa bado hajamaliza. Alipasua njia hadi mezani. “Mama Ofisa, mtu akitaka kutoa tu, bila kutegemea kushinda chochote, kuna kikomo?”

Kwa mara ya kwanza siku ile Ofisa alitabasamu. “Tunachowekea kikomo ni bahati nasibu. Mchango wa hiari wapeni stakabadhi tu.”

Sista akaweka beseni juu ya meza. Fedha ya dereva ilitangulia. Shangazi akafuata, kwa kishindo, ili kila mtu aone. Kinyozi, ambaye tiketi yake ilikuwa na meno na hivyo hakuwa amerudishiwa chochote, alitoa pia. Kisha wakaja wale waliokosa tiketi tangu wiki iliyopita, na kijana aliyeota namba akiwa miongoni mwao.

Saa kumi kamili pipa lilizungushwa. Ofisa alimwomba mgeni aliyekuja kuona mgonjwa atie mkono. Ofisa alikisoma kishina kwa sauti. “Mia nane sitini na moja!” Kisha mzee mshona viatu akainuka nyuma kabisa, akiitazama tiketi yake kana kwamba imemtukana. Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Vijana walimkalisha juu ya ile nyekundu na kumzungusha uwanjani, wawili kila upande, naye akipiga kelele, “Polepole! Msiniue siku ya neema!” Watu walicheka mpaka machozi.

Katikati ya kelele hizo Kifutio alimnong’oneza Chiriku sikioni. “Unaona? Haikuwa hata namba yetu. Tungenyamaza, pasingetokea lolote.”

Kosa, hata hivyo, halikupita bure. Ofisa aliandika onyo, na Baba akazuiwa kuchapa tiketi za aina yoyote mpaka mwaka ujao. Siku chache baadaye Chiriku alimsikia akizungumza na simu: “Hapana, ndugu. Kazi hiyo sina ruhusa nayo. Jaribu duka la jirani.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini Chiriku aliyasikia maneno yale kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo kazi ya kuchana karatasi za ziada ikawa yake, na aliifanya kabla ya kuketi.

Mashine iliwasili mwezi uliofuata, betri yake ikiwa ndani ya sanduku lilelile. Sista alimwita Kibogoyo aje ajaribishiwe kinyago, na familia nzima ikafuatana naye, Kifutio akiwa nyuma yao. Wakati Sista akiunganisha nyaya, Kifutio hakuweza kujizuia tena.

“Mzee,” alimwambia baba yake Chiriku, “naomba kuuliza. Namba iliyoshinda haikuwa kati ya zile sitini. Tungenyamaza, droo ingekwenda vizuri. Nakosea?”

“Hukosei,” Baba alijibu. “Ingekwenda vizuri. Na mwakani mngehitaji kitu kingine, nanyi mngeongeza mia, kwa sababu sitini zilikwenda vizuri. Wenye mikono mirefu wote walianza hivyo, wanangu, kwa jambo dogo lililokwenda vizuri.” Aliwatazama wote wawili. “Uaminifu haupimwi kwa namba iliyotoka. Unapimwa kabla pipa halijazungushwa, wakati hamjui. Mlidhani kikomo kinawazuia watu kutoa. Mmeona wenyewe walivyotoa. Kilichozuiwa ni kuwadanganya watu wakidhani wanajaribu bahati yao.”

Kifutio alitikisa kichwa polepole kukubali, na safari hii hakuonekana kutaka kufuta chochote.

“Tayari,” Sista alisema. Mashine ikaanza kunguruma, na ukungu mweupe ukajaa ndani ya kinyago cha Kibogoyo. Kisha Sista akanyoosha mkono ukutani, akachomoa waya wa umeme.

Mashine haikutetereka, iliendelea kunguruma vilevile, na Kibogoyo, macho yakimtoka juu ya kinyago kwa furaha, akavuta pumzi ndefu, kisha nyingine, bila mluzi wowote.